Mtoto wangu anataka kobe: ni kiumbe gani anayefaa kufugwa katika nyumba ya kupanga mjini Nakuru?

Mama wa Kiamunyi

Hamjambo, ndugu zangu. Ninaishi Kiamunyi, Nakuru, katika nyumba ya kupanga iliyo kwenye ghorofa ya pili, na mwenye nyumba ameandika waziwazi katika mkataba kwamba mbwa na paka hawaruhusiwi. Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 11, na kwa muda wa miezi mitatu sasa wimbo wake ni mmoja tu: anataka mnyama wa kufuga. Nilipomweleza habari za mkataba alinijibu kwa hoja ambayo sikuitarajia, kwamba mkataba haukumtaja kobe.

Hoja hiyo ina chanzo chake. Majuzi tulipokuwa tukirudi kutoka Naivasha tulimkuta kobe mwenye madoa meusi na ya manjano akivuka njia ya vumbi karibu na Elmenteita. Nilisimamisha gari, tukamvusha, mtoto akamshika kwa dakika mbili hivi, na tangu siku hiyo nyumba yangu haina mazungumzo mengine. Mjomba wake, ambaye ana kipaji cha kunivurugia mipango, amemwahidi kumletea mmoja kutoka Baringo kwa kuwa huko, kwa maneno yake, wamejaa vichakani na hakuna anayewahesabu.

Mimi si mwoga wa wadudu wala watambaazi, ila nyoka simtaki hata pichani. Ningependa kujua iwapo kobe anaweza kuishi kwenye roshani yenye upana wa mita moja na nusu, na anakula nini. Ikiwa hafai, je, kuna kiumbe mwingine mdogo, awe kinyonga, konokono, chura au hata mdudu, ambaye mtoto anaweza kumtunza mwenyewe? Sitaki kutumia zaidi ya shilingi 3,000. Aidha, ninaondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo mtunzaji halisi atakuwa mtoto.

Mkazi wa Lanet

Mama, kabla hujajua kobe anakula nini, mpigie mjomba simu umzuie.

Watu wengi hudhani kwamba sheria ya wanyamapori inawahusu ndovu, faru na simba peke yao. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuandikwa hivyo. Inapoeleza maana ya mnyamapori inajumuisha kila mnyama wa porini aliye wa asili ya nchi hii, pamoja na mimea na hata vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kobe uliyemvusha barabara amo, kinyonga wa kwenye ua amo, na mdudu aliyejichimbia shimo nyuma ya choo pia amo. Kumchukua na kumweka nyumbani bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kosa, hata kama nia ni njema na hata kama mtoto amempa jina zuri.

Kwa yeyote anayeona kwamba ninatia chumvi, mfano uko hapa hapa katika kaunti yetu. Mnamo Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, wote wenye umri wa miaka 19, walikamatwa katika nyumba ya wageni mjini Naivasha wakiwa na chungu wapatao 5,000, wengi wao malkia, waliofungiwa ndani ya mirija midogo yenye pamba. Walijitetea kwamba hawakujua kuwa ni kosa, na kwamba walikuwa wakiwakusanya kwa kujifurahisha tu. Mwezi uliofuata mahakama iliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Hao walikuwa ni chungu, Mama. Wa kobe wa Baringo mjomba atajieleza vipi kwenye kizuizi cha polisi pale Mogotio?

Ni kweli kwamba KWS hutoa idhini kwa wafugaji wa baadhi ya wanyamapori, lakini hutazama mahali pa kufugia, na mimi nisingepoteza nauli kwenda kuwaonyesha roshani ya mita moja na nusu. Ukimkuta kobe aliyegongwa na gari au aliyejeruhiwa, usimpeleke nyumbani kumuuguza. Wapigie simu au mpeleke kwenye ofisi zao zilizo katika lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Mzima aliye barabarani mvushe kama mlivyofanya, kwa kumwelekeza kule alikokuwa akienda. Ukimrudisha alikotoka ataanza safari upya, na gari linalofuata huenda lisiwe na mama mwenye huruma.

Baba Atieno, Kisumu

Mwenzangu wa Lanet amesema vyema kuhusu sheria, ila naona mtoto wa miaka 11 hatashawishika kwa habari za faini. Mwelezeni habari za kobe mwenyewe. Nitamsimulia yangu, ingawa si hadithi ya kujivunia.

Nilipokuwa na umri wa miaka 9, jirani yetu hapa Kisumu aliniletea kobe mdogo mwenye ukubwa wa bakuli la uji. Nilimpenda kweli. Ili asipotee, kaka yangu alitoboa tundu pembeni mwa gamba lake kwa msumari wa moto, tukapitisha kamba na kumfunga kwenye mpera. Tuliona damu, tukastaajabu, kwa maana tulidhani gamba ni kama kwato au kucha. Sivyo. Gamba la kobe ni mfupa hai ulioungana na uti wa mgongo na mbavu zake, na juu yake kuna vigae vyembamba vilivyofunika mfupa huo. Lina damu na lina mishipa ya fahamu, na kobe akiguswa mgongoni anahisi. Tulimtoboa mbavu, kwa lugha nyingine.

Kisha tukamlisha kile tulichokuwa tukila sisi: ugali, mkate uliolowekwa kwa maziwa, na siku za sikukuu, vipande vya nyama. Alikula vyote kwa pupa, nasi tukahesabu hamu yake ya kula kuwa afya. Usiku, na siku zote za mvua, alikaa stoo. Baada ya mwaka mmoja hivi gamba lilikuwa laini kiasi kwamba ukilibonyeza linabonyea, miguu ilikuwa imelegea, na asubuhi moja tukamkuta amekufa.

Miaka mingi baadaye nilikuja kuelewa kilichomuua. Kobe wa madoa ni mla nyasi, kama ng'ombe. Porini hula nyasi, magugu na mimea yenye majani manene, chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo. Pia huguguna mifupa mikavu ili kupata kalsiamu. Lakini kalsiamu pekee haimfai kitu bila jua, kwa sababu ni miale ya urujuanimno ndiyo inayomwezesha kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo mwili haufyonzi kalsiamu iliyoko tumboni bali hula ile iliyoko mifupani. Na jua lenyewe ni lazima limwangukie moja kwa moja, kwani kioo cha dirisha la kawaida huipitisha nuru na joto na kuizuia ile miale anayoihitaji. Mtu anaweza kumweka kobe dirishani penye mwanga mzuri mchana kutwa, naye asipate chochote.

Sasa mwekeni huyo kwenye roshani. Kobe wa madoa aliyekomaa hufikia kilo 15 na hata zaidi, na hutembea masafa marefu kutafuta malisho. Kila siku atakuwa akigonga ukuta, akigeuka, akigonga ukuta wa pili. Usiku wa Nakuru, mji ulio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, una baridi ambayo huku kwetu ziwani hatuijui, na mnyama huyu hana joto lake mwenyewe ila lile analoota. Tena huishi miaka 50 na zaidi. Mwulize kijana wako ni nani atakayemtunza atakapokwenda chuo, halafu atakapooa.

Jambo la mwisho ambalo wazazi hulisahau ni kwamba kobe, hata mwenye afya njema, aweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili yoyote. Nchini Marekani walipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kasa na kobe wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10 kwa sababu watoto walikuwa wakiwashika, wengine wakiwatia mdomoni, kisha wanaugua. Mliyemshika Elmenteita natumaini mlinawa mikono.

Mkija Kisumu, mleteni katika Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, awaone watambaazi wanaotunzwa na watu waliosomea kazi hiyo, na awaulize maswali yake yote. Ana maswali mengi, naona.

Mama wa Kiamunyi

Nawashukuru nyote. Nimemsomea habari ya msumari wa moto, naye amenyamaza muda mrefu kisha akasema hataki kobe tena. Mjomba nimempigia, amenuna, lakini ameelewa.

Hata hivyo, baada ya chakula cha jioni alirudi na orodha nyingine. Sasa anauliza kuhusu kinyonga, kwa kuwa kuna mmoja kwenye ua wa jirani, na kuhusu wale konokono wakubwa wanaotokea mvua ikinyesha. Naona nimeruka majivu nikakanyaga moto.

Mwalimu wa Biolojia, Kakamega

Mama, mpongeze kijana, kwani mtoto anayebadilisha orodha yake baada ya kusikia hoja tayari ana sifa ya kwanza ya mfugaji.

Kinyonga muacheni uani. Mbali na sheria, ambayo inamlinda kama inavyomlinda kobe, kinyonga ni miongoni mwa watambaazi wagumu mno kuwatunza. Hanywi maji katika bakuli. Hulamba matone yaliyo juu ya majani, hivyo mtu anaweza kumwekea maji safi kila siku na bado akafa kwa kiu. Anahitaji wadudu hai wa aina mbalimbali, jua la moja kwa moja na hewa inayopita, na anapoona viumbe wakubwa wakimsogelea kila saa hudhoofika kwa hofu bila kupiga kelele wala kukimbia, hata mwenyeji wake asijue kwamba kuna tatizo mpaka siku ya mwisho. Huku kwetu Wabukusu husimulia kwamba kinyonga aliomba chakula kwa mwanadamu akanyimwa, naye akamlaani kuwa atakufa, kisha akaenda kwa nyoka aliyemkaribisha, akambariki awe anajivua gamba na kuanza upya. Sisemi kwamba ni sababu ya kisayansi, lakini jirani zako wa ghorofa ya kwanza huenda wakaichukulia kwa uzito kuliko mkataba wa nyumba.

Konokono mkubwa ni mpole na ni rahisi kumlisha, ila naye ni wa porini, hutaga mayai kwa mamia, na anaweza kubeba mnyoo utokao kwa panya ambao ukimwingia binadamu hushambulia ubongo. Kwa nyumba ambayo mtunzaji ana miaka 11 na mama yuko kazini, mimi singemchagua.

Pendekezo langu ni viwavi wa hariri. Huyu ni mdudu ambaye Wachina wamemfuga kwa takriban miaka 5,000, hata akapoteza kabisa maisha ya porini: nondo wake ana mabawa lakini haruki, na kiwavi wake ukimweka mbali kidogo na jani hahangaiki kulitafuta. Kwa hiyo humwibi popote, ni mfugo kama kuku, na akitoroka hafiki mbali. Hamng'ati mtu, hana harufu mbaya, hana sauti, na maisha yake yote, kutoka yai hadi yai, huchukua karibu miezi miwili. Mtoto ataona mwanzo na mwisho ndani ya muhula mmoja wa shule, jambo ambalo kobe hawezi kumpa hata akizeeka.

Anakula majani ya mforosadi, ule ambao watoto huuita mulberi na hurudi nyumbani midomo ikiwa ya zambarau. Nakuru umejaa, tafuteni mti kabla ya kutafuta mayai, na si baada yake, kwa sababu viwavi hutoka wakiwa wadogo kama nyuzi nyeusi za milimita tatu na wanahitaji kula siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza muwakatie majani machanga vipande vyembamba kwa mkasi. Baadaye wapeni majani mazima yaliyokomaa, mara tatu kwa siku: mtoto awalishe asubuhi kabla ya shule, alasiri akirudi, na usiku kabla ya kulala, na yale ya usiku yawe mengi ya kuwatosha hadi asubuhi. Katika uhai wake wote kiwavi mmoja hula gramu 20 hadi 30 za majani, lakini zaidi ya robo tatu ya hizo huliwa katika wiki ya mwisho, na hapo ndipo wafugaji wapya huaibika, kwani mti uliotosha wiki tatu huisha majani kwa siku nne. Anzeni na viwavi 30, msizidi 50.

Majani yawe makavu. Mkiyaosha, au yakichumwa na umande, yafuteni kwa kitambaa na kuyaanika kivulini kwanza, maana majani yenye maji huwaletea kuhara na ugonjwa wa kuoza ambao hupita katoni nzima kwa siku mbili. Hawahitaji chombo cha maji kabisa. Jani lenyewe lina maji ya kuwatosha. Nyumba yao ni katoni pana isiyo na kifuniko, na kila siku mtoto atawawekea majani mapya juu, asubiri wapande, kisha aondoe mabua na kinyesi cha chini. Joto zuri ni kati ya nyuzi 24 na 28 za Selisiasi. Kwa Nakuru watakuwa wakikua polepole kidogo, hasa Julai, na usiku katoni iwekwe ndani, mbali na dirisha, kwenye chumba kilichopikiwa au karibu na ukuta ulioshika joto la mchana.

Watajivua ngozi mara nne. Kabla ya kila mara kiwavi huinua kichwa na kutulia karibu siku nzima bila kula, na watoto wengi hudhani anakufa, wakaanza kumvuta na kumchokoza. Mwambie mapema asimguse. Mwishoni mwili hugeuka kuwa wa rangi ya asali, anaacha kula na kuanza kuzungusha kichwa. Hapo mwekeeni vipande vya trei za mayai, ajisokotee kifuko kwa siku tatu hivi, kwa uzi mmoja mfululizo unaoweza kuvuka mita 900. Baada ya wiki mbili au tatu atatoka nondo mweupe mnene ambaye hali wala hanywi. Atapandana, atataga mayai mia tatu hadi mia tano, na atakufa baada ya siku chache. Mtoto alie kidogo, si vibaya.

Kuhusu mayai, kituo cha taifa cha utafiti wa hariri kiko Thika, na wafugaji wa kaunti mbalimbali hupata mbegu kupitia huko. Kumbuka kuuliza kama mayai ni ya aina inayoanguliwa mfululizo au ile inayolala mpaka ipitishwe kwenye baridi, la sivyo mtakaa miezi mkitazama karatasi yenye vitone.

Mkulima wa nyenje, Bondo

Naomba kutofautiana kidogo na Mwalimu, si kwa ubaya. Kijana aliyetaka kobe anataka kiumbe anayetembea, na kiwavi hafanyi lolote ila kula. Mimi ninafuga nyenje, kazi niliyojifunza kwa majirani walioipata kutoka Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga hapa Bondo, ambako utafiti wa wadudu wanaoliwa umepamba moto. Ndoo ya plastiki yenye ukuta laini, trei za mayai za kujifichia, chakula cha vifaranga pamoja na maganda ya mboga, na pamba iliyoloweshwa badala ya sahani ya maji ili wasizame: hayo tu, na hayafiki shilingi 1,000. Kwenye kikopo cha mchanga wenye unyevu majike watataga, na katika joto la nyuzi 30 hivi watoto hutoka kwa siku kumi au zaidi kidogo.

Ila niseme ukweli wote. Madume huimba usiku kwa kusugua mabawa, na dume mmoja aliye nyuma ya kabati ni adhabu. Na baridi ya Nakuru hawaipendi. Bila chombo cha kuwapasha joto watadumaa. Basi nikijisoma, naona kwa nyumba ya ghorofa huko kwenu Mwalimu amenishinda.

Mama wa Kiamunyi

Tumeamua viwavi. Nyuma ya shule yake kuna miforosadi miwili, na mlinzi amekubali achume majani. Nina swali moja la mwisho: sisi huwasha koili ya mbu kila jioni, na mwenye shamba jirani na hiyo shule hupulizia dawa nyanya zake. Je, kuna hatari?

Mwalimu wa Biolojia, Kakamega

Hatari ipo, tena kubwa, nami nilipaswa kuitaja kwanza. Ninyi wa Nakuru mnaijua pareto kuliko watu wengi duniani, kwa kuwa kiwanda chake kiko hapo mjini na maua yake yalilimwa milimani kote kuwazunguka. Sumu iliyomo katika ua hilo, na zile zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga muundo wake, ndizo zilizomo katika koili nyingi na dawa za kupulizia, na kazi yake ni kuua wadudu bila kuuliza kama ni mbu au ni mfugo wa mtoto. Kiwavi wa hariri ni dhaifu mno kwa sumu hizo. Huanza kutapika majimaji ya kijani, hujikunja, na hufa. Tumieni neti, na koili isiwashwe tena ndani ya nyumba hiyo mpaka viwavi wote wawe wamejifunga kwenye vifuko na nondo wametaga. Moshi wa sigara nao usikaribie katoni, na aliyevuta anawe mikono kabla ya kushika majani.

Kuhusu miti, mpeleke mtoto akamsalimu mwenye nyanya na kumwomba amjulishe siku anazopulizia. Achume upande ulio mbali na shamba, na kila mara kabla ya kuwalisha wote awape majani hayo viwavi watatu tu ndani ya kikopo cha pembeni, asubiri hadi kesho yake. Wakiwa wazima, awape wengine.